Eti kutembea msituni ni mambo ya wazungu?

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaaga nikiwa naingia kwenye mitihani, mkaanza kunitumia meseji eti nimekula sapu nne na nimerudi nyumbani kuuza vitumbua. Siuzi vitumbua, na sapu ni moja tu (ya Takwimu, na hiyo naomba tusiiongelee). Nipo, bumu limeingia, limeshatoka, maisha yanaendelea.

Leo nina jambo linanikereketa na nisipolitoa hapa litanifanya nigombane na watu darasani.

Wiki iliyopita sisi wa Ualimu mwaka wa pili tulikaa kikao cha kuamua safari ya kufunga semista. Mezani kulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza: hoteli yenye bwawa la kuogelea, nyama choma, muziki, na fulana zenye majina yetu mgongoni. La pili lilikuwa langu: twende Hifadhi ya Taifa ya Arusha, tutembee kwa miguu ule mzunguko mfupi wa msituni wa kwenda kwenye maporomoko ya Tululusia, tule chakula tulichofunga wenyewe, jioni turudi. Kura zikapigwa. Arobaini na moja kwa sita. Na kati ya hao sita mmoja ni mimi mwenyewe, teh teh teh!

Kushindwa kura si tatizo, nimezoea, niligombea hata ukiranja sekondari nikapata kura tatu. Kilichonikaa rohoni ni mchangiaji mmoja, rafiki yangu kabisa, mtoto wa Karatu. Alisimama akasema: "Mimi nimetembea kwa miguu kwenda shule miaka saba, kilomita sita kwenda, kilomita sita kurudi, na njiani kuna pori. Leo nichange hela nikatembezwe tena porini? Shida hainunuliwi jamani, mambo hayo tuwaachie wazungu!" Ukumbi ulilipuka. Hata mimi nilicheka.

Usiku ndiyo sikulala. Kwa sababu jamaa alikuwa na hoja, na mimi pale kikaoni sikuwa na jibu. Sasa jibu ninalo, ila ni refu kidogo, kwa hiyo vuteni viti.

Kwanza mjue natokea wapi. Mimi ni mtoto wa Kijenge, ukitoka mzunguko wa Impala unapanda kidogo upo kwetu. Ukiamka mapema kabla mawingu hayajashuka, mlima Meru unauona wote kuanzia chini mpaka kileleni, mita 4,566, umekaa kama mzee anayekuangalia ukipiga mswaki. Mto Kijenge unateremka kutoka huko huko juu, unapita chini ya mtaa wetu. Utoto wangu wote niliishi kati ya mlima na mto, na mpaka namaliza kidato cha sita nilikuwa sijawahi kukanyaga mlima hata mara moja. Si mimi tu. Waulizeni machalii wa Chuga wanaojisifu kwa mlima kwenye kila wimbo, wangapi wameingia. Tunaupiga picha tu kwa nyuma.

Nilikuja kuaibika mwaka jana kwenye BTP. Nilipangiwa shule moja ya sekondari huku Arumeru, nafundisha Jiografia. Mada: volkano. Nikaingia darasani na notisi zangu safi, mfano mkuu ukiwa Vesuvius, Italia. Nikachora koni, nikachora krateri, nikaweka mishale, mambo yamenyooka. Mkono ukanyooshwa nyuma kabisa. Kijana mmoja, mtulivu, hata sauti hana: "Madamu, Meru ilikatika upande mmoja. Ule upande uliokatika ulienda wapi?"

Jamani. Dirishani pale Meru inaonekana. Ukiitazama kutoka upande wa mashariki unaona kabisa imebomoka kama mkate ulioumwa. Nami nimesimama na chaki, nimetoka kuelezea Italia, sijui kipande cha mlima wa nyumbani kwetu kilienda wapi. Nikamjibu lile jibu letu la walimu wote: "Swali zuri sana, nendeni mkafanye utafiti, tutajadili kipindi kijacho." Kipindi kijacho nikaanza mada nyingine. Mungu anisamehe.

Ndiyo sababu Desemba, wakati wa likizo, nikakusanya washkaji wanne tukaenda. Sikufuata hewa safi wala picha, nilifuata kile kipande.

Tulitoka Kijenge gizani, tukashika Hiace barabara kuu ya Moshi mpaka Usa River, pale tukachanga tukakodi Noah. Kuna basi pia linalokwenda Ngare Nanyuki na linakatiza humo humo hifadhini, ila ratiba yake haikutufaa. Na hili basi nalo ni somo lake! Watu wanapanda na magunia yao na kuku wao, wanapita katikati ya twiga na nyati, wengine wanasinzia, wanashukia Ngare Nanyuki. Miaka nenda rudi. Mgeni analipa kwa dola kuona kitu ambacho mama mmoja anakipita amelala kichwa kikigonga kioo.

Mkiingia lango la Ngurdoto mnakutana na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, nyati, pundamilia, ngiri, halafu barabara inaendelea mpaka lango la Momella. Pale Momella ndipo kwenye ofisi, na pale ndipo mnapewa askari mwenye bunduki, kwa sababu humo hairuhusiwi kutembea kwa miguu bila askari. Yule wa kwetu alikuwa mtu mzima, mpole, tulikuwa tunamwita afande na yeye anatuita walimu, tukavimba vichwa. Sheria zake zilikuwa tatu: mstari mmoja, sauti chini, na akisimama yeye, wote mnasimama. Mshkaji wetu mmoja alikuja na ndala. Afande alimwangalia miguu muda mrefu bila kusema neno, kisha akamwambia, "Wewe mwalimu utatembea nyuma yangu." Kila mtu akaelewa.

Njia yenyewe ni rahisi, nawaapia. Lango la Momella lipo kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Arusha mjini ni kama 1,400, kwa hiyo hata kifua hakiumi. Mnaanza na majani ya wazi, na pale ndipo moyo unapodunda maana nyati wamejaa. Walikuwa zaidi ya ishirini, wamelala kama ng'ombe wa baba mdogo, lakini macho yao siyo ya ng'ombe. Afande akasimama. Tukasimama. Dakika kama tano hakuna aliyekohoa. Kisha akakata kona pana tukawazunguka. Twiga walikuwa mbele kidogo, wanatuangalia kutoka juu kama wasimamizi wa mtihani.

Halafu mnaingia msituni, na hapo mimi maneno yananiishia. Joto linakatika ghafla kama umeingia kanisani. Harufu ya udongo wenye maji. Miti mirefu ya mtarakwa na podo, mingine imevaa ndevu za kuvu la kijani. Afande alitugongea gogo la mtarakwa lililoanguka, ndani jekundu, akasema tunuse. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya penseli! Mtarakwa ndio mti ambao Waingereza wanauita mwerezi wa penseli, na kweli umetumika kutengenezea penseli. Nimechonga penseli tangu darasa la kwanza, nimeshindwa Takwimu kwa penseli, sikujua harufu ile inasimama wima juu ya kwetu.

Mkuyu nao. Afande alituonyesha mmoja ulivyoanza: ndege anadondosha mbegu juu ya mti mwingine, mkuyu unaota kule kule juu, unashusha mizizi taratibu mpaka ardhini, unamkumbatia mwenyeji wake mpaka anakufa. (Mshkaji wa ndala akanong'ona, "Kama mwenzangu wa kubebana bwenini." Afande alicheka mpaka bunduki ikatikisika.) Juu ya barabara inayopanda mlimani upo mkuyu wa namna hiyo ambao mizizi yake imeacha tao, njia inapita katikati yake. Sisi hatukufika huko, ni mzunguko mwingine.

Mbega tuliwaona wengi. Weusi, mabega meupe, mikia kama fagio jipya. Mbega hana kidole gumba, ana kijibonge tu, na hiyo inamsaidia kuruka matawi bila kunasa. Na tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba kwa ajili ya kusaga majani. Semista nzima ya saikolojia ya elimu tumefundishwa kwamba mtoto anajifunza kwa kuona na kugusa. Tumefundishwa hivyo kwa slaidi.

Tulifika kwenye maporomoko, maji baridi mpaka meno yanauma, tukala viazi vyetu, tukaanza kurudi kwa njia nyingine. Na ni katika kurudi ndipo nilipouliza lile swali. Nilijikaza nikajifanya naulizia wanafunzi wangu: "Afande, eti upande ule wa mlima uliobomoka ulienda wapi?"

Akasimama, na sisi kwa mazoea tukasimama. Akazungusha mkono taratibu, vile vilima, mabonde, maziwa ya Momella kule chini yakimetameta. Akasema, "Mwalimu, umeukanyaga tangu asubuhi."

Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, ukamwagika kama uji kuelekea huko, na vile vilima vidogo vidogo ni mabonge ya mlima wenyewe. Maziwa ya Momella yamekaa kwenye mashimo yaliyobaki katikati ya kifusi. Ndani ya lile shimo kubwa kileleni mlima ukaanza kujijenga upya, koni ya majivu, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910, kidogo tu. Yaani yule kijana wa kidato cha pili alikuwa anauliza kuhusu ardhi ambayo wenzake wanailima mahindi. Na mimi nilimpa Italia.

Sasa turudi kwa rafiki yangu wa Karatu na shida isiyonunuliwa.

Nilipotoka huko nilipitia kwa bibi yangu, mzaa mama, Mmeru wa Ngare Nanyuki, siku hizi anaishi na mjomba Usa River. Nikamsimulia kila kitu kwa mbwembwe. Akanisikiliza, akanimiminia maziwa mgando, akauliza: "Ulilipa hela?" Nikasema ndiyo bibi. "Ukatembee?" Ndiyo bibi. "Na kuni hukuleta?" Wadau, nilikosa pa kuficha uso. Bibi ametembea pembezoni mwa msitu ule nusu ya maisha yake na mzigo mgongoni, hakuna aliyempa cheti. Kwa hiyo bibi na jamaa wa Karatu wako timu moja, najua.

Lakini bibi akaendelea, na hapa ndipo pa muhimu. Mwaka 1951, yeye akiwa mtoto mdogo tu, serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru Ngare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa, watu wakapelekwa King'ori. Anachokumbuka yeye ni moshi na mama yake kubeba mtoto na chungu. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga hela, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akaeleze. Mwaka 1952! Nyerere mwenyewe alikwenda kule mwaka 1955. Mtu wa huku kwetu, kwa nauli iliyochangwa na wakulima, alisimama mbele ya dunia akasema ile ardhi ina wenyewe. Haikuwa ushindi wa papo hapo, lakini Wameru walikuja kurudi, na bibi akarudi nao akiwa msichana.

Hifadhi yenyewe ni habari nyingine. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, mwaka 1967 mlima Meru ukaingizwa na jina likawa Arusha, na baadaye msitu wa hifadhi wa Meru nao ukaunganishwa. Lakini ni jirani wa mlango kwa mlango na Ngare Nanyuki, na ukisimama Momella unaangalia sehemu ambayo watu wetu waliigombania mpaka ng'ambo ya bahari. Mzungu aliyesimama karibu yetu pale langoni alikuwa anamwelezea mwenzake kuhusu filamu ya John Wayne, ile ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa hapo hapo Momella. Anaijua vizuri sana. Sisi watano, walimu watarajiwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari ya Kirilo Japhet mpaka nilipofika kwa bibi. Nani mgeni hapo?

Ndiyo hoja yangu. Kutembea kwa shida na kutembea kwa kujua ni vitu viwili. Rafiki yangu wa Karatu alitembea miaka saba akiwahi kengele na kukimbia fimbo, hakuna aliyesimama naye njiani akamwambia huu mti ni nini na hili bonde lilitokeaje. Bibi alitembea akitafuta kuni. Sikatai kwamba wamechoka. Ila kusema kwa sababu tulitembea kwa shida basi raha na maarifa ya ule msitu ni vya wazungu, huko ni kugawa urithi bure. Nairobi wana msitu wa Karura katikati ya jiji, hekta zaidi ya elfu moja. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiugombania usigawiwe wajenga majumba. Leo binamu yangu anaishi kule, anasema Jumapili unakuta familia, wazee, watoto wa shule, wenyeji watupu wanatembea njia zenye namba kila kona, wanauita msitu wetu.

Na kuna la meno. Mnaonijua mnajua meno yangu, nikicheka naziba mdomo. Si mimi tu, nusu ya darasa letu wa kutoka pande hizi tuna meno ya kahawia, na wenzetu wa mikoa mingine wanadhani hatupigi mswaki. Ni floridi. Miamba ya volkano ya Meru ina floridi nyingi, maji yanapita humo, mtoto anayakunywa meno yakiwa yanajijenga, basi imetoka. Yakizidi sana yanapinda mpaka mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu vipo visima vinavyopita hapo mbali sana. Kwa hiyo huu mlima tunao mdomoni, halisi kabisa, halafu hatuujui. Nilikuja kuelewa vizuri tukiwa tumekaa juu ya yale maziwa, afande akituambia maji yale hayanyweki. Utoto wangu wote nilidhani ni kosa langu.

Wapo wenye pingamizi za maana, nisiwadharau. Hela: kweli, ukijumlisha kiingilio, askari na gari, kwa mtu wa bumu inauma. Lakini piga hesabu ya fulana peke yake kwenye ile safari ya bwawa, halafu njoo tuongee. Mkiwa gari moja mmejaa, nauli inagawanyika. Wengine wanasema mtoto wa kike msituni anatafuta nini. Hao siwajibu, nawapa namba ya bibi.

Na wapo wanaosema tutakwenda tukishaajiriwa. Jamani, tukishaajiriwa tutapangiwa kokote, na tutaingia darasani na notisi zile zile za Vesuvius. Sasa hivi mtaala mpya unadai mwanafunzi atende, lipo na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Atalifundisha nani, na ameona nini?

Mimi sitaki kura irudiwe. Arobaini na moja nendeni bwawani, kwa moyo mweupe, mtuletee nyama. Sisi sita tumekubaliana kwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Noah ina nafasi moja imebaki, kwa hiyo anayeitaka aniambie mapema. Viatu vya kufunga, maji, koti la mvua, na ndala marufuku. Nimemwandikia barua yule kijana wa kidato cha pili kupitia kwa mwalimu wake, nimemjibu swali lake na kumchorea ramani, na nimemwomba radhi kwa kuchelewa.

Halafu jana bibi kapiga simu. Kasikia kwa mjomba kwamba tunakwenda tena, anasema naye anakuja. Kutembea hatatembea, goti halimruhusu. Atakaa Momella langoni kwenye kivuli atusubiri na loshoro. Kiingilio nalipa mimi.